Kijitabu cha bure cha Paul Nation: kinamfaa nani anayejifunza Kiingereza Lubumbashi?

Kabla ya kulipia kozi ya jioni, pakua kwanza What Do You Need to Know to Learn a Foreign Language? cha mwaka 2014. Mwandishi wake, Paul Nation wa Chuo Kikuu cha Victoria cha Wellington, New Zealand, amechunguza kwa miongo mingi jinsi watu wanavyopata msamiati wa lugha ya pili. PDF yake haiuzwi. Toleo tulilolisoma ni la Kiingereza, chepesi lakini Kiingereza, kwa hiyo anayeanza kabisa atahitaji mtu wa kumfafanulia. Hiyo ndiyo kasoro yake kubwa.

Nation anataka muda wa kujifunza ugawanywe sawa katika mafungu manne: kusikiliza na kusoma ili uelewe, kusema na kuandika ili ueleweke, kujifunza lugha yenyewe kwa makusudi, yaani maneno, matamshi na sarufi, na mazoezi ya wepesi, yaani ya kutumia haraka unayoyajua tayari, ambayo hayaingizi neno jipya hata moja. Ukiwa na saa nne kwa wiki, kila fungu lipate saa moja. Hapa ndipo kozi zetu nyingi zinapokwama: mwalimu anajaza ubao sarufi, wanafunzi wananakili kwenye kaye, saa inakwisha. Ni fungu la tatu tu. Mwanafunzi wa kozi kama hiyo atakuandikia vitenzi vyote bila kosa, lakini karani akimwuliza swali moja Kasumbalesa, mpakani na Zambia, anabaki kimya.

Zoezi tunalolipenda zaidi ni la dakika 4, 3 na 2. Mwanafunzi anaeleza jambo analolijua, tuseme safari ya lori kutoka Lubumbashi hadi mpakani, kwa dakika nne. Anabadilisha msikilizaji, anaeleza yaleyale kwa dakika tatu, kisha anamweleza msikilizaji wa tatu kwa dakika mbili. Msikilizaji hamkatizi. Lazima wasikilizaji wabadilike, maana ukimrudia mtu yuleyule utaanza kuongeza habari mpya ili usimchoshe, na kasi inapotea. Darasa la watu hamsini linaweza kulifanya wote kwa pamoja, hata umeme ukikatika.

Kwenye kadi za maneno usifanye haraka. Kata karatasi ya A4 vipande 16. Neno la Kiingereza upande mmoja, maana upande wa pili, kwa lugha inayokujia upesi. Kiswahili kinatosha kabisa. Anza na kadi 15 au 20. Jitahidi kukumbuka kabla ya kugeuza, kwa sababu ile juhudi ya kukumbuka ndiyo inayolishikisha neno. Anayetazama pande zote mbili kwa pamoja anajidanganya. Rudia baada ya dakika chache, kisha baada ya saa moja, kesho yake, wiki ijayo. Changanya mpangilio kila mara, la sivyo utakariri foleni badala ya maneno. Na usiweke pamoja maneno yanayofanana au kupingana: kushoto na kulia vikifundishwa siku moja huchanganyikana, na hali ni hiyohiyo kwa rangi na majina ya matunda, ingawa vitabu vingi vya shule huvipanga hivyo.

Kuhusu kusoma, utafiti alioufanya Nation na mtafiti mwenzake Hu mwaka 2000 unatoa kipimo kizuri: ili usome bila msaada, ujue takriban maneno 98 katika kila 100. Hesabu maneno 100 ya ukurasa wowote. Usiyoyajua yakizidi mawili, kitabu hicho bado, kiwe kizuri namna gani. Gazeti la Zambia litamshinda karibu kila anayeanza. Dawa yake ni vitabu vilivyorahisishwa kwa ngazi, na mjini kwetu si rahisi kuvipata. Darasa linaweza kuandika hadithi zake fupi, mwalimu akazisahihisha, zikapigwa fotokopi.

Tungependa kijitabu kizungumze zaidi na mtu mwenye lugha nyingi kama sisi. Mlushois, yaani mkazi wa Lubumbashi, huingia Kiingereza akiwa na Kiswahili, Kifaransa, na pengine Kibemba au Kiluba. Maneno marefu ya kwenye karatasi, kama ya forodha na ya ofisi za migodi, mengi yana ndugu yao katika Kifaransa na hujifunzwa haraka. Yanayomtesa ni mafupi ya kila siku: kupakia, kufunga kamba, kupima uzito, gurudumu. Kadi zako zianze na hayo.

Mfanyabiashara anayevuka mpaka wiki ijayo asianze na mafungu manne. Nation na mwenzake Crabbe walitoa mwaka 1991 orodha ya maneno na misemo 120 hivi ya kumwezesha msafiri: salamu, bei, namba, kuuliza njia. Ajifunze hiyo kwanza, kwa sauti, kadi ishirini kwa siku.