TAHADHARI: "Wiki ya kutembea Lamu kwa wanaosafiri peke yao" – usitume arubuni

Ndugu zangu, hasa nyinyi mnaopenda kusafiri peke yenu na kutembea kwa miguu: kuna tangazo linazunguka WhatsApp na Facebook la matembezi ya siku sita kisiwani kwetu. Kiongozi, chakula, mahema, yote kwa 48,000, nusu ilipwe mapema. Usitume hata shilingi. Watu wanashuka gatini na mabegi mgongoni, risiti ziko kwenye simu, na hakuna wa kuwapokea. Namba waliyokuwa wakiongea nayo haipatikani tena. Nina vyumba vya wageni huku Langoni, mtaa wa mji wa Lamu, na baadhi yao huishia kwangu, ndiyo maana naandika. Jina la hiyo "kampuni" silitaji kwa sababu limeshabadilishwa, picha zikabaki zile zile.

Aliyeandika ratiba ile haijui Lamu, na hapo ndipo mahali rahisi pa kumkamatia. Siku ya kwanza: "gari letu litakuchukua uwanja wa ndege hadi Shela." Gari gani? Uwanja wa ndege uko Manda, kisiwa kingine, na Shela ni kijiji cha huku kisiwani kwetu. Ukitoka pale unateremka gatini na kuvuka kwa boti. Anayekuja kwa basi naye huishia Mokowe, upande wa bara, kisha anavuka. Dada mmoja alinipigia akiwa hapo hapo Manda, akaniuliza, "Kaka, magari ya kampuni yanaegesha upande gani?" Sikujua nicheke au nimpe pole.

Siku ya tatu inasema mtatembea kutoka Shela hadi magofu ya Takwa. Takwa iko Manda pia, mkondo wa bahari uko katikati, labda watembee juu ya maji. Na hata ukienda kwa boti kupitia mikokoni, lazima uvizie maji yamejaa. Yakipwa unakaa kwenye tope na mbu mpaka bahari ikuhurumie.

Lililonichekesha zaidi ni kwamba kila siku wanaanza kutembea ufukweni saa tatu asubuhi, wiki nzima. Bahari ya wapi hiyo? Maji hujaa mara mbili kwa siku na saa zake husogea mbele kwa kama dakika hamsini kila kukicha. Ukipata njia nzuri leo asubuhi, baada ya siku chache saa ile ile utakuta mawimbi yamekula mchanga. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au ukiwa mpevu, hata njia ya pwani kutoka mjini kwenda Shela hufunikwa mahali mahali na watu hupita ndani. Ufuo wa kutoka Shela kuelekea Kipungani ni kama kilomita 12 na kivuli hakuna, hivyo kiongozi wa kweli atakuuliza tarehe zako kwanza, aangalie mwezi, ndipo akuambie mtatoka saa ngapi. Huyu wetu ana saa moja tu, na tarehe zake ni za Mei, masika yamepamba moto na upepo wa kusi umeshaanza. Tena anaahidi hema juu ya vilima vya mchanga vya Shela, vilima ambavyo chini yake ndiko yanakotoka maji matamu ya mji!

Mtindo wao wa kukamua ni huu. Katika safari za namna hii bei huwa ya watu wawili wanaogawana chumba, na aliye peke yake huongezwa kidogo. Hilo ni jambo la kawaida duniani kote. Hawa wanatangaza kwamba hawatozi nyongeza, na msafiri wa peke yake anafurahi, maana amechoka kulipia kitanda cha mtu asiyekuwepo. Akishatuma arubuni, nyongeza inafufuka. Halafu unakuja "ulinzi wa mtembezi mmoja", halafu "kibali cha polisi cha kutembea peke yako Lamu". Sisi tunaokaa hapa kibali hicho hatujawahi kukiona. Ukisita unatiwa kwenye kundi la WhatsApp la "wasafiri wenzako", wote wachangamfu, wote wameshalipa. Wasome vizuri: wanaandika kwa mkono mmoja, mpaka makosa yao ya tahajia yanafanana.

Kabla ya kulipa, omba namba ya leseni ya kampuni kutoka Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii (TRA), kisha waulize TRA wenyewe. Picha ya cheti iliyotumwa kwa simu haitoshi. Kiongozi naye awe na leseni yake. Muulize maji yatajaa saa ngapi siku mtakayofika. Mwenyeji atakujibu bila kufikiri sana, au atakuambia ngoja nimuulize nahodha. Na M-Pesa inapokuonyesha jina kabla hujathibitisha, lisome. Kampuni ya matembezi inayopokea pesa kwa namba ya mtu binafsi, tena jina hulijui, achana nayo.

Kama umeshatuma, sambaza ujumbe wa M-Pesa kwenda 456 mara moja. Ikiwa pesa bado haijatolewa kuna nafasi ya kurudishiwa. Kisha nenda polisi wakupe namba ya OB (ya taarifa yako kwenye kitabu cha kituo), na mazungumzo yote uyahifadhi kabla hawajayafuta.

Na kama umeshafika, usigeuze safari kwa hasira. Kutoka mjini hadi Shela si mbali, dakika arobaini hivi. Matondoni, kwa mafundi wa majahazi, ni mwendo wa saa mbili au zaidi kidogo. Toka alfajiri, beba maji, na uliza nyumba uliyolala wakutafutie kijana wanayemjua. Utamlipa mkononi mkisharudi.