Wi-Fi ya bure nyumbani: ya sokoni au ya jirani?

Anayeishi karibu na soko nchini Kenya huenda akanasa Wi-Fi ya umma akiwa chumbani, ile ya mpango wa serikali wa kuweka vituo 25,000. Huhitaji kumbembeleza mtu. Shida ni kwamba mawimbi yamelengwa sokoni; yakishapita ukuta wa mawe yanafika hoi, na mchana watu wakijaa kila kitu kinakwama. Tena mtandao ulio wazi, usio na nywila, haufichi mawasiliano yako yakiwa hewani. Mambo ya benki yafanye kwa bando lako.

Mimi nachagua ya jirani, mradi umemwomba. Kutumia nywila uliyoipata kwa mlango wa nyuma ni wizi. Mwombe akufungulie mtandao wa wageni kwenye ruta yake: wewe unapata intaneti, ila kwa kawaida kompyuta na printa zake huzioni. Ukiunganisha, chagua masafa ya 2.4 GHz. Kasi yake ni ndogo kuliko ya 5 GHz, lakini hupenya ukuta vizuri zaidi. Sogeza meza kwenye dirisha la upande wake, na video kubwa zipakue usiku wa manane, wenyewe wakiwa wamelala.