Haller Park, Bamburi: msimtafute Owen ubavuni pa Mzee

Nilikwenda Haller Park, bustani ya wanyama iliyoko Bamburi, Mombasa, mara ya kwanza mwaka 2005, nikiwa darasa la sita, ndani ya basi la shule ambalo kwenye viti vya watu wawili tulikaa watatu watatu. Wote tulikuwa tunamfuata Owen, kiboko mchanga aliyesuhubiana na kobe aitwaye Mzee. Wiki iliyopita nimerudi na babangu, ambaye ametimu miaka 76, na bintiyangu wa miaka minane. Naandika kwa sababu tangu nitume picha kwa jamaa, maswali ninayoulizwa ni yale yale.

La kwanza ni hili: Owen na Mzee bado wako pamoja? Hapana, na si habari ya jana. Walitenganishwa 2007. Ile picha ya kiboko mchanga amejilaza ubavuni pa kobe ingali inazunguka kwenye simu za watu kama imepigwa asubuhi ya leo, na bintiyangu aliiona usiku wa kuamkia safari. Basi tulipoingia tu, kabla hata sijatia tiketi mkobani, akaanza: "Mzee yuko wapi? Mzee yuko wapi?" Babangu akamjibu, "Mzee ni mimi, nipo nyuma yako na miguu yaniuma. Wataka nini?"

Kwa wadogo wasioijua habari yenyewe, ni hivi. Mwisho wa 2004 mvua iliujaza mto Sabaki, viboko wakasukumwa na maji hadi baharini upande wa Malindi. Tarehe 26 Disemba ikapiga tsunami. Akabaki mtoto mmoja wa kiboko, wa kama mwaka mmoja, amekwama mwambani peke yake. Watu wa Malindi walihangaika naye kwa kamba na nyavu za kuvulia samaki, na ufuo mzima umejaa washangiliaji, mpaka wakamtoa. Alikuwa na uzito wa karibu kilo 300, na utelezi wake ulimshinda kila mtu. Jina Owen ni la mmoja wa waliomkamata. Akapakiwa kwenye pikapu hadi Bamburi, na alipofunguliwa tu alikimbia moja kwa moja nyuma ya kobe wa Aldabra aliyekadiriwa kuwa na miaka 130, akajikunyata pale kama alivyozoea kujificha nyuma ya mamake. Kobe yule ndiye Mzee. Mwanzo hakutaka kuzoeana, alikuwa akijivuta aende zake, lakini mwana hakubanduka. Mwisho kobe akazoea.

Siku yetu ya shule tulipewa dakika chache tu kwenye ukingo, kundi kwa kundi. Nilimwona Owen ameweka kidevu juu ya mguu wa Mzee, amefumba macho. Nilirudi nyumbani nikasimulia hadi mamangu akaniambia ninyamaze nile.

Kwa hivyo 2007, niko darasa la nane, niliposikia wametenganishwa nililia, sifichi. Niliona ni ukatili. Sasa nimekuwa mama wa mtu na naliona jambo lile vingine kabisa. Owen alikuwa akikua. Kiboko dume mzima hupita tani moja na nusu, na mapenzi yake ni ya kusukuma na kuuma-uma. Alikuwa akimng'ata Mzee mguu ili amwambie "twende", akimsukuma kwa pua. Gamba la kobe ni gumu, lakini halikuumbwa kuchezewa na mnyama wa tani. Juu ya hayo, kiboko hutoka majini usiku kwenda kula majani, na huyu alikuwa ameshika desturi ya kobe ya kulala usiku na kuzunguka mchana. Alikuwa anasahau ukiboko wake. Wakamkutanisha na Cleo, kiboko jike, na Mzee akatengewa mahali pengine.

Fikiria kwamba bustani ilikuwa na jozi ya wanyama ambayo dunia nzima ilitaka kuipiga picha, na wakaivunja wenyewe. Hilo peke yake kwangu ni nyota mbili kati ya tano.

Nasema hivyo kwa kuwa nimeona pengine. Kuna bustani moja ya wanyama huku pwani, jina silitaji, nilimpeleka bintiyangu likizo ya Aprili. Nyani amefungwa mnyororo kiunoni, manyoya ya pale mnyororo unapopita yameisha, ngozi imekuwa ya kijivu kama kisigino. Kobe wamewekwa kwenye sakafu ya saruji, maji yao ni karai la kufulia. Nilishangaa magamba yao yanang'aa kupita kiasi, nikamuuliza kijana wa pale. Akanijibu bila haya, "Twawapaka mafuta ya kupikia, dada, wageni wapenda wakimeremeta." Tulikaa nusu saa tukaondoka, na mtoto njia nzima hakusema neno. Mwisho akaniuliza kama nyani hulala na mnyororo wake.

Haller Park jambo la kwanza utakalolihisi ni ubaridi. Unatoka kwenye barabara ya Malindi, matatu na tuktuk zinapigiana honi, unaingia chini ya mivinje na sauti zote zinafifia. Ukipiga hatua huisikii, kwa sababu chini kuna zulia la majani ya mvinje, yale kama sindano. Bintiyangu alidhani ni msitu wa tangu Nabii Nuhu. Hapo ndipo babangu alipopata nafasi yake ya kusema, na kwa kweli siku ile mtembezaji bora alikuwa yeye.

Babangu alipokuwa kijana, kabla hajaoa, alikuwa utingo wa lori kwenye machimbo haya haya. Kiwanda cha simiti cha Bamburi kilianza kazi 1954, na matumbawe ya kutengenezea simiti yalichimbwa hapa hapa, yakaacha shimo jeupe lisilo na udongo. Alisimama katikati ya njia akanyoosha bakora: "Hapa tulikula mchana chini ya lori. Kivuli kingine hakikuwapo. Ukivua kofia, jua linakupiga kutoka juu, na weupe wa chini unakupiga kutoka chini." Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, alianza kupanda miti mle shimoni. Alijaribu aina 26. Tatu tu ndizo zilizostahimili, na mvinje ukiwa mmojawapo. "Tulimcheka," babangu akasema. "Tukasema mzungu ameshikwa na jua."

Mvinje hauogopi chumvi, na mizizi yake ina vijidudu vinavyoupatia mbolea kutoka hewani, ndiyo maana uliweza. Tatizo lilikuwa majani yake. Yalianguka yakarundikana, hayaozi, na pasipooza kitu hapapatikani udongo. Dawa ikawa jongoo. Jongoo wa miguu miekundu waliletwa, wakayatafuna yale majani, na mavi yao ndiyo yaliyokuwa udongo wa kwanza. Mimi nimekua nikimkanyaga jongoo kwa kinyaa. Siku ile bintiyangu alimwokota mmoja, akajikunja duara kiganjani kama kishikizo cha koti, halafu taratibu akajikunjua, akaanza kutembea juu ya kidole chake cha shahada na ile miguu yote inakwenda kama wimbi. Tulisimama pale kwa muda mrefu kuliko tuliosimama kwa twiga.

Ndio, twiga. Kuna jukwaa unapanda ili uwe sawa na vichwa vyao, unapewa tembe za chakula mkononi. Ulimi wa twiga ni mweusi wenye zambarau, mrefu kama mkono wangu kutoka kiwiko, na unakwaruza kama msasa. Mate yake yananata hadi ufike nyumbani. Watoto wanafurahi mno, na kwa twiga hawa waliozoea watu sioni ubaya, ila mimi ningependa watu wapande wachache wachache. Watu wazima wanasukumana kwa ajili ya picha kuliko watoto. Mama mmoja nusura anitoe kwenye ngazi kwa kijiti chake cha simu.

Viboko tuliwaona saa kumi walipokuja kula. Sikuhangaika kuuliza ni yupi nani. Pua mbili, masikio manne, halafu mgongo unaibuka kama mtumbwi uliopinduka. Babangu alisema tu, "Hawa wakiwa na njaa utalijua jina lako la ukoo." Baada yao ni mamba, na hapo nitatofautiana na wengi. Nyama inaninginizwa kwa kamba, mamba anaruka, watu wanapiga mayowe. Hadhira imejaa kuliko kwingine kote. Mimi sikuupenda mchezo ule, bintiyangu aliupenda hadi akataka tungoje urudiwe. Mamba angeweza kula bila makofi. Basi, hayo ni maoni yangu, na kila mtu ana moyo wake.

Kobe nao wanatembea njiani pamoja na watu. Hakuna aliyepakwa mafuta. Magamba yao yana vumbi na sindano za mvinje zimekwama kwenye mistari, na mmoja alitupita akaingia chini ya kichaka bila hata kugeuza shingo, akisikika anavunja vijiti. Ndivyo kobe anavyotakiwa awe, ana pa kwenda akitukinai. Pofu na kuro, wa jamii ya swala, tuliwaona kwa mbali tu, na nyoka nilikataa, mnisamehe.

Maneno ya manufaa sasa. Bebeni kitambulisho cha taifa, bei ya mwenyeji na ya mgeni si moja. Vaeni viatu vya kufunga. Nendeni alasiri, mpate twiga, viboko na mamba kwa mpigo mmoja, maana mkienda asubuhi mtazungukia majani. Chakula kifungeni vizuri: nilifungua mfuko wa mabuyu kwa sekunde tatu, tumbili akashuka akaondoka nao, na akarudi juu kuzitema mbegu moja moja vichwani mwetu. Wenye wazee, njia ni ndefu lakini haina vilima vya kumtesa mtu, babangu aliimaliza na bakora yake kwa kupumzika mara nne. Kutoka mjini pandeni matatu ya Mtwapa mshuke getini. Sisi tulijitia wajanja tukachukua tuktuk kutoka Nyali, dereva akatutoza mara mbili ya tulivyoagana, eti mtoto naye ni abiria. Hilo si la bustani, ni langu na dereva, na Mungu yuko.

Nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa ajili ya wale mamba.

Tukirudi kuelekea getini bintiyangu alianza kuhesabu jongoo, akifuatana na babu yake aliyekuwa akitangulia na bakora kumwonyesha walipo. Walifika sitini na mmoja. Babangu akasema hesabu ile si sahihi, kuna mmoja aliyehesabiwa mara mbili, na wakarudi nyuma kumtafuta.