Uzoefu wangu: ThinkPad X250 used na Linux Mint baada ya Windows 10 kukatiwa sapoti

Natumia laptop ya Lenovo, ThinkPad X250, prosesa Core i5 jenereshini ya 5, RAM 8GB na SSD, niliichukua used Kariakoo. Kwa kazi za steshenari, kuchapa barua na mitihani ya shule, kuskani, kujazia watu fomu mtandaoni, haijawahi kunishinda. Kibodi yake tamu sana, betri ziko mbili, ya ndani na ya nje, so umeme ukikatika unachomoa ya nje unaweka nyingine iliyojaa bila hata kuzima, kazi inaendelea.

Shida haipo kwenye mashine. Microsoft walisitisha sapoti ya bure ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na prosesa za Intel kuanzia jenereshini ya 8, sasa pita madukani uone kumejaa nini, X250, T450, EliteBook 840 G3, zote hizo ni jenereshini ya 5 na ya 6! Maofisi ya nje yalishazitoa zamani, sisi ndo tunabaki nazo siku sapoti inakatwa. Inaniuma kwa kweli. Laptop inawaka, inafanya kazi, ila kila tundu jipya la usalama likigundulika halizibwi, na humu nashika namba za NIDA na vyeti vya watu, flashi za wateja zinaingia kutwa nzima. Ilitolewa nyongeza ya sapoti ya mwaka mmoja mpaka Oktoba 2026, lakini baada ya hapo unarudi palepale.

Nikaweka Linux Mint 22, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows, ile ya Xfce ambayo ni nyepesi. Unaishusha, unaichoma kwenye flashi kwa programu inaitwa Rufus, unawasha huku unabonyeza F12, na kizuri ni kwamba unaijaribu kwanza ikiwa kwenye flashi bila kufuta kitu. WiFi ilishika hapohapo, printa ikaonekana yenyewe, na sapoti yake inaenda mpaka 2029, bure kabisa. Sasa hivi inawaka haraka kuliko ilivyokuwa na Windows.

Ila nisikufiche, LibreOffice, programu ya kuchapa inayokuja na Mint, inafungua faili za Word lakini mtihani wenye majedwali mengi unaweza kukuta mistari imehama, inabidi upitie upya ndo uprinti, au mwalimu akutumie PDF. Photoshop na Publisher sahau, hazikubali.

Kwa hiyo kama kazi zako ni kama zangu, chukua X250 uweke Mint, hela yako haijapotea. Kama unategemea programu za Windows, ongeza hela, na muuzaji akikwambia tu "hii ni Core i5" usiishie hapo, mwambie aiwashe afungue About kwenye Settings usome namba ya prosesa mwenyewe. i5-5300U ni ya 5, i5-6300U ni ya 6, hizo acha. i5-8250U na nyingine za kuanzia jenereshini ya 8 ndo za kuulizia bei.