Banda la mbio nyuma ya soko la Mwanjelwa

Kiingilio ni shilingi 1,000, chai ya maziwa 500, chapati 500. Naanza na bei kwa sababu ndiyo kila mtu anaiuliza kwanza nikimwambia kwamba hapa Mbeya kuna mahali unakaa ukaangalia Formula 1 tangu magari yanapojipanga mpaka la mwisho linapoingia. Ukikiona kwa nje ni kibanda umiza kama vingine: mabati, mlango wa mbao uliopakwa bluu, ubao wa chaki wenye ratiba ya mpira. Chumba cha mbele ni cha mpira kweli. Pita pazia. Nyuma kuna mabenchi sita, televisheni moja ya inchi 43 na jiko la mkaa lenye birika, na hapo ndipo Jumapili zangu zinapoishia tangu mwaka 2013.

Mimi nauza matairi hapa hapa Mwanjelwa, mapya na yaliyotumika. Mwenye banda ni mzee wa Tukuyu aliyeendesha malori ya Tunduma miaka mingi mpaka mgongo ukamshusha barabarani. Namwamkia shikamoo, ananiitikia "marahaba mwanangu", halafu kabla sijakaa ananiambia gari gani liko nyuma kabisa. Sijawahi kumsikia akianza na anayeongoza. "Wa mbele utamsikia kwenye redio," alinieleza siku ya kwanza. "Huyu wa nyuma usipomwangalia leo, mwakani unaweza usimkute."

Nilidhani ni maneno ya mzee tu. Akanionyesha kauntabuku yake. Kila mbio ina ukurasa, na kila ukurasa una timu tatu au nne za mkiani: nafasi zilizomaliza, pointi zilizopata, na kwa kalamu nyekundu taarifa yoyote ya madeni aliyoisikia. Kitabu hicho ndicho kinachonirudisha pale kuliko chai, ingawa chai yenyewe ni nzuri, ya majani ya kwao Rungwe, inachemshwa na maziwa tangu mwanzo.

Kama unataka kujua banda hili lina nini ambacho huwezi kukipata ukiwa kwenye kochi lako, nikusimulie usiku wa tarehe 13 Novemba 2016. Mbio zilikuwa Interlagos, Brazil, kwa saa zetu zilianza saa moja usiku. Kule mvua, hapa Mwanjelwa mvua vilevile, mabati yanapigwa mpaka mtangazaji hasikiki. Mbio zikasimamishwa mara mbili, zikavuka saa nne. Chumba cha mbele walishaondoka wote. Sisi tulibaki saba, tumejikunyata karibu na jiko, tunaangalia magari mawili ambayo ukiwauliza watu wengi hawayajui.

Hali ilikuwa hivi. Pointi wanapewa kumi wa kwanza tu katika kila mbio. Timu zilikuwa 11, na mgawo wa mapato ulizihesabu 10 za juu kwa pointi za mwaka mzima. Manor, timu ndogo ya Uingereza, ilikuwa na pointi moja tu, ile ya Pascal Wehrlein ya nafasi ya 10 kule Austria mwezi Julai. Sauber ya Uswisi haikuwa na kitu. Kwa hiyo pointi moja ile ilikuwa inashikilia mamilioni ya pauni ya mwaka unaofuata. Karibu na mwisho Esteban Ocon wa Manor alikuwa ndani ya kumi bora, tunashangilia kama tumeshinda sisi. Kisha magari yenye nguvu yakampita kwenye maji, moja baada ya jingine, akamaliza wa 12. Felipe Nasr wa Sauber akamaliza wa tisa. Pointi mbili, Sauber ikawa juu ya Manor.

Mzee alichukua kalamu nyekundu, akaandika 2 mbele ya Sauber, akakaa kimya. Mimi sikuelewa mara moja. Fundi mmoja wa Mafiati ndiye aliyesema, "Mama, hao wa Manor wameshakwisha." Januari 2017 kampuni iliyoendesha timu ikawekwa mikononi mwa wasimamizi wa ufilisi, mnunuzi hakupatikana, watu zaidi ya 200 wakarudishwa nyumbani. Aliyeshinda mbio zile za Brazil ni Lewis Hamilton, dereva wa Mercedes, na magazeti yaliandika habari za Hamilton.

Nimefanya biashara miaka 17 na ninajua ugonjwa huo. Timu inatengeneza gari kabla msimu haujaanza, inalipa mafundi, inalipa injini, inasafirisha mizigo dunia nzima, na mgawo wake unakuja kidogo kidogo kwa kufuata nafasi ya mwaka uliopita. Mzigo unaulipia Machi, mteja anakulipa Septemba. Tajiri anavuka miezi hiyo bila kuhisi. Mdogo anafia katikati, hata kama ana kazi nzuri mkononi. Na ule mgawo wenyewe ulikuwa na mafungu ya pembeni kwa wakubwa, Ferrari akipewa la peke yake kwa ukongwe wake, wala hajanyang'anywa mpaka leo. Hilo siwezi kulitetea. Anayehitaji fedha kidogo kuliko wote ndiye anayeongezewa.

Siku iliyonigusa mimi binafsi ilikuwa Julai 2015, mbio za Hungary. Tulikuja tukiwa na huzuni. Dereva Jules Bianchi alikuwa amefariki siku tisa kabla, baada ya miezi tisa bila fahamu tangu ajali ya Suzuka, Japan. Huyu ndiye aliyeipa timu yake ya Marussia pointi mbili za kwanza Monaco mwaka 2014, alivuka mstari wa nane, akaongezewa sekunde tano za adhabu, akawa wa tisa. Pointi hizo ndizo zilizofanya iwe na thamani mtu kuinunua timu ilipofilisika mwezi uleule wa ajali. Ilirudi kwa jina la Manor. Mbio za kwanza Melbourne 2015 magari yalifika lakini hayakutembea, kwa sababu kompyuta zilikuwa zimefutwa programu zote tayari kwa mnada. Hungary madereva walisimama duara, kofia zao zimewekwa katikati. Banda zima lilisimama. Hata kijana wa chipsi aliacha kukaanga.

Na wikiendi hiyohiyo ndipo niliposikia habari ya matairi. Lotus, timu ya pale Enstone, Uingereza, ilikuwa na deni, na Pirelli, kampuni inayotoa matairi ya mbio hizi, akazuia matairi mpaka alipwe. Magari yakakaa gereji mazoezi yakianza. Wenzangu walimlaani mwenye matairi. Mimi nilinyamaza. Mwaka ule ule kampuni moja ya usafirishaji ilichukua kwangu matairi 12 ya lori kwa mali kauli, nikazungushwa miezi minane. Niliuza friji ya nyumbani. Nilikuwa nimeapa kutompa mtu tena tairi bila fedha mkononi, na hapo nawaona mafundi wa Lotus, watu wasio na kosa, wamekaa wanaangalia gari lisilo na miguu. Sikulala vizuri usiku ule. Bado naamini Pirelli alikuwa na haki yake. Ila nilijifunza kwamba nikimnyima tajiri tairi, anayekaa njaa ni utingo.

Mwezi uliofuata, Spa kule Ubelgiji, dereva wa Lotus Romain Grosjean akawapandisha jukwaani, wa tatu, huku madalali wa mahakama wakiwa uwanjani kwa ajili ya kesi ya dereva wao mmoja wa zamani. Japan, Septemba, wafanyakazi walikuta milango ya sehemu yao ya kulia chakula imefungwa kwa sababu hawajalipia. Renault ikaja kuinunua mwishoni mwa mwaka. Mzee husema timu nyingi za namna hii hazifi, zinabadilishwa jina kwenye kadi. Jordan ikawa Midland, ikawa Spyker, ikawa Force India, ikafilisika 2018, ikawa Racing Point, leo ni Aston Martin, na ni palepale Silverstone. Anazitaja kwa mpangilio huo akimimina chai, haangalii kitabu.

Sasa kasoro, maana hili si tangazo. Mabenchi hayana egemeo, na ukifika mzunguko wa 40 kiuno kinakudai. Choo ni cha kuchangia na ufunguo anao muuza chipsi, ambaye saa nyingine hayupo. Pazia halizuii kelele za mpira. Siku ya Simba na Yanga chumba cha nyuma nacho kinapewa mpira, huo ndio ukweli wake, na mwaka juzi nilikosa nusu ya mbio kwa sababu hiyo, nikaondoka nimekasirika. Nilimwambia Mzee, naye akaniomba radhi, akanieleza kwamba mechi moja ya namna ile inamlipia kodi ya miezi miwili. Umeme ukikatika hakuna jenereta.

Na kuna suala la kifurushi. Machi mwaka jana king'amuzi cha chumba cha nyuma kilikatwa siku tatu kabla msimu haujafunguliwa, Mzee akiwa ametumia fedha yote kumuuguza mkewe. Hakutuambia, tulikuta skrini nyeusi. Tukachanga palepale, mwalimu wa Iyunga, dereva wa bajaji, mafundi wawili, mimi. Fedha ikatosha na ikabaki ya sukari. Ndipo akatukumbusha Caterham, timu nyingine ya mkiani: mwaka 2014 walikosa mbio za Marekani na Brazil kwa kufilisika, wakawaomba mashabiki pauni milioni 2.35, na kweli wakafika Abu Dhabi. Kamui Kobayashi hakumaliza. Will Stevens akamaliza wa 17. Timu haikuonekana tena baada ya hapo. Alituambia hivyo huku ameshika noti zetu, sauti inatetemeka, na sote tukaelewa alichokuwa anakiogopa. Kwa hiyo ukienda, ukiona kopo la bluu juu ya meza, tia chochote.

Vijana wanaokuja siku hizi hawana hofu hiyo kuhusu timu. Tangu mwaka 2021 kuna ukomo wa matumizi, ulianza dola milioni 145 kwa mwaka, wakati wakubwa walikuwa wanavuka milioni 400. Tangu Manor, hakuna timu iliyotoweka kabisa. Nafurahi, ila nimejaa swali moja. Cadillac imepewa nafasi ya 11 kuanzia msimu wa 2026, na ni kampuni kubwa ya Marekani iliyo nyuma yake. Minardi, timu ndogo ya zamani ya Italia, ilianzishwa na familia iliyokuwa ikiuza magari ya Fiat katika mji mdogo wa Faenza. Ilikimbia mbio 340 kuanzia 1985 hadi 2005, ikapata pointi 38 tu, ikamtoa Fernando Alonso na Mark Webber. Leo familia kama ile ingeingilia mlango gani? Nilimuuliza Mzee. Alifikiri kwa muda mrefu, akasema walio ndani sasa wako salama kwa sababu mlango umefungwa. Jibu hilo halijaniridhisha, na ninarudi nalo karibu kila Jumapili.

Ukitaka kwenda: mbio nyingi za Ulaya zinaanza saa kumi jioni kwetu, fika saa tisa na nusu upate benchi la ukutani, ndilo pekee unaloweza kuegemea. Juni na Julai vaa sweta, baridi inapita chini ya mabati. Watoto wanaingia bure. Na mwombe akuonyeshe kauntabuku ya 2016, ukurasa wa Novemba. Anaitoa bila shida, ila nawa mikono kwanza kama umetoka kula chapati.