Kamera ipi ununue ukianzia kwenye kihisi chake

Namba inayochapwa kubwa kuliko zote kwenye boksi la kamera ni ya megapikseli, yaani mamilioni ya vitone (pikseli) vinavyounda picha, na wanunuzi wengi huishia hapo. Picha ya megapikseli 24 ina pikseli 6000 kwa 4000. Ukiichapa kwa vitone 300 kwa inchi unapata karatasi ya karibu sentimita 50 kwa 34, na skrini ya 4K haijazi hata megapikseli 9. Simu nazo zimeikuza namba hiyo kupita kiasi: kihisi cha megapikseli 48 ambacho Sony ilikitoa mwaka 2018 kilikuwa na pikseli za mikromita 0.8 tu, zikaunganishwa nne nne, na picha ya kawaida ikatoka na megapikseli 12.

Kinachotenganisha kamera moja na nyingine leo ni mambo matatu yaliyo ndani ya kihisi, yaani kipande cha silikoni kinachogeuza mwanga kuwa picha: ukubwa wa eneo linalopokea mwanga, namna silikoni ilivyojengwa, na kasi ya kusomwa. Nimepanga chaguo hizi kwa mambo hayo, nikimfikiria mtu anayenunua kamera moja ya kupiga kila kitu, kuanzia watoto na sherehe hadi safari na labda kazi ya malipo.

Unachonunua hasa

Kihisi kilichofungua njia ni CCD. Willard Boyle na George Smith walikibuni mwaka 1969 katika maabara za Bell, na mwaka 2009 wakapewa Tuzo ya Nobeli ya fizikia. Mwaka 1975 Steven Sasson wa Kodak alikitumia kujenga kamera ya kidijitali ya kubebeka: pikseli 100 kwa 100, picha zisizo na rangi, na sekunde 23 za kuandika picha moja kwenye kaseti. CCD husukuma chaji ya pikseli moja kwenda kwa jirani yake, hatua kwa hatua, hadi ifike mlango wa kutokea. Picha hutoka safi, lakini kazi huenda polepole na betri huliwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Eric Fossum na wenzake katika maabara ya JPL ya NASA waliipa kila pikseli transista zake za kukuza ishara. Hapo kihisi cha aina hiyo, CMOS, kikaanza kuipiku CCD. Iliungana baadaye na fotodiodi (sehemu ya pikseli inayogeuza mwanga kuwa chaji) aliyoibuni Nobukazu Teranishi akiwa kampuni ya NEC mwaka 1980, ambayo humwaga chaji yote bila kubakiza masalia ya picha iliyotangulia. Karibu kila kamera inayouzwa sasa imebeba kazi za hawa wawili.

Rangi zinatoka kwa Bryce Bayer wa Kodak, aliyepata hataza mwaka 1976. Kila pikseli hufunikwa na kichujio cha rangi moja: nusu ya pikseli ni kijani, robo nyekundu, robo bluu, na rangi zinazokosekana hukadiriwa kutoka kwa majirani. Kichujio hicho hutupa sehemu kubwa ya mwanga kabla haujagusa silikoni, na hakuna mhandisi anayeweza kuurudisha. Kwa hiyo kihisi cha mwaka huu hakikizidi sana cha miaka michache iliyopita kwa usafi wa picha. Faida iliyobaki ya wazi ni kuongeza eneo. Vihisi huitwa kwa majina ya ukubwa wao: fremu kamili ni milimita 36 kwa 24. APS-C ni karibu 23.5 kwa 15.6, Micro Four Thirds ni 17.3 kwa 13, na kile kiitwacho cha inchi 1 ni 13.2 kwa 8.8 tu, kwa sababu jina hilo lilirithiwa kutoka mirija ya zamani ya video na halipimi kihisi chenyewe. Kwa lenzi yenye f ileile (namba ya tundu la lenzi; ikiwa ndogo, mwanga mwingi zaidi hupita) na muda uleule, fremu kamili hupokea karibu mara nne ya mwanga wa Micro Four Thirds. Mwanga ukiongezeka mara nne, chengachenga (vitone vya ovyo vinavyochafua picha) hupungua kwa nusu ukilinganisha na picha yenyewe.

1. Fremu kamili ya megapikseli 24, iliyotumika

Hii ndiyo ninayoiweka juu, na siweki kwa kusitasita. Sony a7 III na Nikon Z6, zote za mwaka 2018, zina kihisi kinachopokea mwanga kwa nyuma. Katika vihisi vya awali nyaya za umeme zilipita juu ya fotodiodi na kuziba sehemu ya mwanga. Katika hivi silikoni imegeuzwa, nyaya ziko chini, na mwanga unaingia moja kwa moja. Sony ilianza kuviuza kwa wingi mwaka 2009 katika kamera ndogo, mahali ambapo pikseli finyu zilihitaji kila chembe ya mwanga. Kwenye pikseli kubwa za fremu kamili ongezeko la mwanga si kubwa kama matangazo yanavyosema. Manufaa zaidi ni kwamba nyaya zikiwa nyuma, mhandisi anapata nafasi ya kuziongeza, na kihisi kinasomwa haraka zaidi.

Kwa nini iliyotumika? Kwa sababu kikomo cha kichujio cha Bayer nilichoeleza kinamlinda mnunuzi. Kamera mpya za daraja hili zimesonga mbele katika kufuata macho ya mtu na katika video, lakini picha ya harusi ukumbini iliyopigwa kwa Z6 haimwambii mtazamaji kwamba kamera ni ya 2018. Fedha inayobaki iende kwenye lenzi. Mtu anayenunua kamera ya fremu kamili kisha akaifunga lenzi ya f/5.6 ametoa faida yote kwa mkono wa pili, na hili naliona mara nyingi mno.

Zote mbili zina kihisi kinachoelea kufidia mtikisiko wa mkono. Tofauti ya kuzingatia ni nafasi za kadi: a7 III ina mbili, Z6 ina moja. Ukipiga picha za kulipwa, chukua yenye mbili, maana bibi harusi hawezi kurudia siku yake kwa ajili ya kadi iliyoharibika. Udhaifu wa zote ni kwamba shata ya kielektroniki (kupiga kwa kusoma kihisi tu, bila pazia la mitambo) ni ya polepole. Kwa watu wanaokimbia, au chini ya taa za LED zinazomemeteka, tumia shata ya mitambo.

2. APS-C ya kisasa, megapikseli 24 hadi 26

Anayeanza na asiyetaka kubeba uzito aje hapa. Eneo la kihisi ni chini kidogo ya nusu ya fremu kamili, lakini pengo hilo linazibika kwa lenzi: APS-C yenye lenzi ya f/1.8 hupokea mwanga karibu sawa na fremu kamili yenye f/2.8. Lenzi za f/1.8 za ukubwa huu ni nyepesi na si ghali kama ndugu zao wa fremu kamili. Kamera za Fujifilm kama X-T3 ya 2018, na Sony a6700 ya 2023, zina vihisi vya megapikseli 26 vinavyopokea mwanga kwa nyuma. X-T3 haina kihisi kinachoelea, kwa hiyo anayepiga kwa mkono jioni atafute X-T4 ya 2020 au a6700. Fujifilm hutumia mpangilio wake wa rangi badala ya ule wa Bayer, wa mraba wa pikseli sita kwa sita, ili kupunguza mawimbi ya rangi yanayotokea kwenye vitambaa vya mistari. Usiinunue kwa sababu hiyo peke yake. Nunua kwa lenzi utakazoweza kumudu baadaye.

3. Micro Four Thirds, kwa anayefuata ndege na wanyama

Lenzi ya milimita 300 hapa hutazama kama ya 600 kwenye fremu kamili, na mfuko mzima unaingia begani bila kukuvunja mgongo. OM-1 ya 2022 ina kihisi cha tabaka (nakieleza kwenye namba 4) cha megapikseli 20, chenye kasi ya kunasa ndege akiruka. Kama kazi yako ni ukumbi wenye giza, rudi namba 1.

4. Fremu kamili yenye kihisi cha tabaka

Kihisi cha kawaida cha CMOS husomwa mstari baada ya mstari, kama msomaji anayeshuka ukurasa. Mstari wa chini unaposomwa, kitu kimeshasogea. Ndiyo sababu fimbo ya gofu hutoka imepinda na mwanga wa LED huacha michirizi. Katika kihisi cha tabaka, silikoni ya pikseli hulazwa juu ya silikoni nyingine yenye saketi za kusoma na kuchakata, na mara nyingi kumbukumbu hukaa papo hapo. Sony ilianza na vihisi vya simu mwaka 2012, kisha mwaka 2017 ikakileta kwenye fremu kamili kwa a9. Nikon Z9 ya mwaka 2021, ya megapikseli 45.7, husomwa haraka kiasi kwamba Nikon iliondoa shata ya mitambo kabisa, na Z8 ya 2023 ikafuata njia hiyohiyo.

Ni uhandisi ninaouheshimu sana, na bado nauweka nafasi ya nne, kwa sababu mtu anayepiga familia na mandhari analipia kasi ambayo hataigusa. Mpiga picha za michezo au wanyama asome orodha hii akianzia hapa. Ipo pia njia ya kati: Nikon Z6 III ya 2024, ambapo saketi za haraka zimepangwa juu na chini ya eneo la pikseli badala ya kulala nyuma ya kihisi kizima. Inasomwa haraka kuliko Z6 ya kwanza, ingawa vipimo vinaonyesha upungufu mdogo wa uwezo wa kuokoa vivuli kwenye ISO (kiwango cha kukuza ishara ya kihisi) ya chini. Kama video ni nusu ya kazi yako, ipandishe hadi nafasi ya pili.

5. Shata ya pamoja

Sony a9 III, iliyotangazwa mwaka 2023, huchukua pikseli zake zote milioni 24.6 kwa wakati mmoja. Hakuna kupinda kokote, inapiga hadi picha 120 kwa sekunde, na flashi hufanya kazi hadi 1/80,000 ya sekunde. Anayepiga watu juani kwa flashi anajua uzito wa jambo hilo. Gharama yake ni kwamba kila pikseli lazima iwe na mahali pa kuficha chaji ikisubiri kusomwa, na mahali hapo panakula eneo la mwanga. ISO ya kawaida huanzia 250, na chengachenga ni nyingi kidogo kuliko za fremu kamili ya kawaida.

6. Kamera ya mfukoni yenye kihisi cha inchi 1

Ilikuwa na maana kubwa Sony ilipoanza RX100 mwaka 2012. Leo simu nzuri huunganisha fremu nyingi na kuifikia mchana kweupe. Inunue ikiwa tu ina zumu ndefu ya lenzi, kama RX100 VII inayofika sawa na milimita 200 kwenye fremu kamili.

7. Fomati ya kati

Milimita 44 kwa 33, eneo mara 1.7 ya fremu kamili, na megapikseli 100 katika Fujifilm GFX 100 ya 2019. Ni ya studio na mandhari, kwa mwenye subira.

8. Kamera ndogo za zamani za CCD

Zimerudi kwa kishindo kwa madai kwamba CCD ina rangi zake. Rangi hutokana na vichujio, na programu inayotafsiri namba, na katika kamera hizi hutokana sana na flashi kali ya mbele. Ukipenda picha zake, chukua moja kwa bei ya kutupa. Usilipe bei ya kamera ya kweli kwa kitu chenye betri isiyotengenezwa tena.

Kukagua kihisi kilichotumika

Kwa kuwa namba 1 ni ya mtumba, nenda na kadi yako na kompyuta. Funga lenzi kwenye f/16 na upige ukuta mweupe nje ya fokasi: madoa meusi yasiyohama ni vumbi, linasafishika, lakini doa lenye kingo kali lisilotoka ni mkwaruzo. Kisha ziba lenzi na upige sekunde 10 kwa ISO 1600. Vitone vichache vinavyong'aa ni vya kawaida, na kamera nyingi zina amri ya kuvifuta kwenye menyu. Mstari mzima wa rangi unaokatiza picha ni habari nyingine: mara nyingi ni alama ya mwale wa leza wa jukwaani uliounguza pikseli, na hautengenezeki bila kubadilisha kihisi. Piga na video fupi uangalie mstari huohuo.

Kwa kihisi kinachoelea, piga mara kadhaa kwa 1/10 ya sekunde bila tripodi. Ikiwa picha zote zimetikisika upande mmoja, mtambo wake una hitilafu. Mlio mdogo wa kugongagonga ukiitikisa kamera iliyozimwa ni wa kawaida kwa baadhi ya modeli, kwa hiyo iwashe kwanza ndipo usikilize. Fungua faili kwenye kompyuta kwa ukubwa wa asilimia 100 kabla ya kutoa pesa. Skrini ya nyuma ya kamera ni ndogo mno kuonyesha lolote kati ya haya.