Malindi hadi Mokowe msimu wa mvua: barabara, mabasi, na nani alipe likitokea la kutokea

Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya inampa mtumiaji haki ya huduma yenye ubora unaokubalika, na inasema wazi kwamba haki hiyo inahusu pia huduma zinazotolewa na taasisi za umma. Basi barabara ya Malindi kwenda Mokowe, gati la bara la kuvukia Lamu, tuipime kama huduma nyingine yoyote tuliyoilipia. Na tumeilipia kweli. Tangu Julai 2024, kila lita ya petroli au dizeli ina shilingi 25 za ushuru wa matengenezo ya barabara. Awali zilikuwa 18. Basi linalokwenda kilomita 3 kwa lita, kwa safari ya kilomita kama 220, linaacha takriban shilingi 1,800 katika mfuko huo kwa kwenda tu, kurudi hujahesabu.

Tuanze na la kupongezwa. Anayeijua njia ya Garsen, Witu na Hindi ilivyokuwa enzi za vumbi na tope hawezi kuibeza lami iliyopo sasa. Zamani mvua mbili tatu zilitosha kuyakwamisha mabasi kwenye udongo mweusi, abiria wakalala njiani. Hilo limeondoka, na ni faida kubwa kwa Lamu nzima: kwa wagonjwa, wanafunzi na wafanyabiashara wa samaki.

Kinachoangusha huduma hii ni maji ya mto Tana. Mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023, kisha masika ya 2024, zilifunika barabara maeneo ya Gamba na Lango la Simba, kati ya Garsen na Witu, na safari za Lamu zikakatika. Maji haya yana tabia moja ambayo msafiri mgeni haijui: hayategemei mvua ya hapa. Yanatoka Mlima Kenya na Nyandarua, yanajaza mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, na Masinga likifurika yanashuka kwa siku kadhaa mpaka yafike Garsen. Ndiyo maana unaweza kutoka Malindi jua likiwaka, ufike Minjila, karibu na Garsen, uambiwe mbele hakupitiki.

Siku hizo kadhaa ndizo kiini cha suala zima la nani alipe. Mafuriko ya ghafla mtu anaweza kuyaita kudra. Yanayotangazwa tangu yakiwa bwawani si ya ghafla. Mamlaka inayosimamia barabara ina muda wa kufunga njia, kuweka vizuizi pande zote mbili (si upande mmoja tu, maana anayetoka Witu ni mtu kama anayetoka Garsen), kusimika nguzo zenye alama za kina, na kutangaza kwenye redio za Pwani. Isipofanya, imezembea katika kitu ilichokijua.

Wenzetu wa nchi za baridi walipitia mvutano huu kwa sababu ya barafu. Uingereza, mwaka 2000, mahakama ya juu kabisa ya wakati huo iliamua katika kesi ya Goodes dhidi ya East Sussex kwamba wajibu wa halmashauri wa kutunza barabara haukujumuisha kuondoa barafu. Aliyeteleza akaumia hakuwa na pa kudai. Bunge lao likabadilisha sheria mwaka 2003: sasa halmashauri inapaswa kuhakikisha, kadiri inavyowezekana, kwamba theluji na barafu havihatarishi wapita njia. Dereva naye hakusamehewa. Kule Quebec, Kanada, gari lisilo na matairi ya baridi kati ya Desemba 1 na Machi 15 linavunja sheria. Kila upande umeandikiwa sehemu yake, na hicho ndicho tunachokikosa sisi kuhusu mafuriko: kipimo kilichoandikwa, kwamba maji yakifika kina fulani, mtu fulani afunge njia, ndani ya saa kadhaa.

Turudi kwa dereva, maana yeye ndiye anayekata shauri la mwisho pale ukingoni. Tarehe 4 Desemba 2021 basi lililobeba wanakwaya liliingia kwenye daraja lililofunikwa na maji la mto Enziu, Mwingi, na zaidi ya watu 30 wakafa. Aprili 2024 basi lingine lilikwama katikati ya mafuriko huko Tula, barabara ya Garissa, na abiria 51 wakaokolewa. Mara zote mbili maji yalionekana kabla gari halijaingia. Maji usiyoyafika hujui wingi wake.

Vipimo vyenyewe ni hivi. Maji yanayokwenda kasi yenye kina cha sentimita 30, yaani chini ya goti la mtu mzima, yanaweza kuelesha gari dogo. Sentimita 60 zinabeba magari mengi, hata yale makubwa yanayosukumwa na magurudumu yote manne. Basi ni zito, ni kweli, lakini lina ubavu mpana wa kusukumwa na mkondo, na ndiyo sababu uzito wake unawadanganya madereva wengi. Mtu asiingie kwa miguu kupima maji yanayokimbia. Sentimita 15 zinatosha kumwangusha.

Hata maji yakiwa yametulia, angalia barabara yenyewe. Kwenye kalvati, yaani mfereji unaopitisha maji chini ya barabara, mkondo huchimba udongo wa chini huku lami ikibaki mahali pake, na ukiitazama utadhani iko imara. Dalili ni nyufa ndefu zinazofuata ukingo, maji yanayobubujika upande yanakotokea, na nguzo za pembeni zilizoinama au kupotea. Ukiona moja tu kati ya hizo, usipite, hata kama lori lililokutangulia limepita salama. Huenda ndilo lililomalizia kuilegeza.

Pakipitika, abiria washuke kwanza iwapo kuna pa kusimama salama. Ingia gia ya kwanza, mwendo wa mtu anayetembea, mafuta yakanyagwe kwa usawa, usibadilishe gia katikati na usipishane na gari lingine ndani ya maji. Injini ikizimika humo, usiiwashe tena. Maji hayabanwi kama hewa: pistoni ikikutana nayo, konrodi, chuma kinachoishikilia pistoni, inapinda, na kazi ambayo ingekuwa ya kukausha tu inageuka kufungua injini nzima. Ukishatoka, endesha taratibu huku ukigusa breki mara kadhaa zikauke. Siku hiyo hiyo fundi aikague oili ya difu (gia za ekseli) na ya giaboksi. Ikiwa imegeuka rangi kama chai ya maziwa, maji yameingia. Imwagwe yote, maana ikiachwa itakula beringi pole pole na gari litakufia njiani baada ya wiki kadhaa, wakati mafuriko yameshasahaulika.

Matairi yana kisa chake. Ndani ya mifereji ya tairi kuna vijiti vidogo vya mpira vyenye urefu wa milimita 1.6, uso wa tairi ukilingana navyo, tairi limekwisha. Kwa barabara hii wakati wa masika tungebadilisha mapema, likiwa bado na milimita 3, kwa kuwa tairi kipara kwenye lami yenye maji huelea: usukani unakuwa mwepesi ghafla na breki hazishiki. Likitokea hilo, ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani ukiwa umenyooka, usikanyage breki kwa nguvu. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi cha kaskazi ndiyo mbaya zaidi, maana vumbi na mafuta yaliyomwagika huchanganyika na maji kabla hayajaoshwa. Umbali wa kusimama kwenye lami yenye maji ni mara mbili ya ile kavu. Basi la abiria lina kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, lakini 80 ni kikomo, na kwenye mvua nzito 50 zinatosha.

Kuhusu mabasi, tunachokipima kabla ya kukata tiketi ni vitu vichache. Matairi ya mbele kwanza. Tarakimu nne za mwisho kwenye ubavu wa tairi ni wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kisha waipa, taa za nyuma, na stika ya bima kwenye kioo. Kisha saa ya kuondoka, na hili lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Kwa ajili ya usalama, kipande cha Witu hadi Hindi husafiriwa mchana, mara nyingi kwa msafara wa askari, na huko Mokowe watu wanawahi boti ya kuvukia Lamu. Basi linalochelewa kutoka Malindi linafidia muda kwa mwendo, na mwendo huo unakutana na maji ya Gamba. Kampuni inayopanga ratiba isiyo na nafasi ya mvua ina hatia yake kabla dereva hajashika usukani. Kampuni inayomruhusu dereva kulala Minjila au kurudisha watu Malindi bila kumkata mshahara, hiyo ndiyo tunayoipa alama za juu, hata viti vyake vikiwa vimechanika.

Likitokea la kutokea, mahakama zetu hazilazimiki kuchagua mmoja. Zinaweza kugawa lawama kwa asilimia: dereva na mwenye gari sehemu fulani, mamlaka ya barabara sehemu fulani, na hata mlalamikaji aliyechangia. Bima ya mtu wa tatu, ile inayowalipa wanaoumizwa na gari, ina kikomo cha shilingi milioni 3 kwa mdai mmoja. Kinachozidi hapo anadaiwa mwenye gari.

Watu wengi wanapotea kwenye muda. Kumshtaki mtu binafsi kwa uzembe una miaka 3. Kuishtaki mamlaka ya barabara una miezi 12 tu, na kabla ya kufungua kesi unatakiwa kuipa ilani ya maandishi ya mwezi mmoja yenye maelezo ya dai. Familia inayongoja kesi ya dereva iishe kwanza ndipo igeukie serikali hukuta mlango umefungwa. Hakikisha pia unamshtaki anayehusika: barabara kuu ya Malindi, Garsen, Lamu iko chini ya KeNHA, mamlaka ya barabara kuu za kitaifa, ila ukikata kona kuingia njia za vijijini au za mjini unaweza kuwa mikononi mwa KeRRA (barabara za vijijini), KURA (za mijini) au kaunti.

Ushahidi ukusanywe siku ile ile, maana maji yakishuka hakibaki kitu. Piga picha za pande zote mbili za mafuriko zikionyesha kama kuna kizuizi au hakuna, na kitu cha kupimia kina, mathalani gurudumu la lori. Tunza tiketi. Chukua namba ya OB, daftari la matukio, katika kituo cha polisi. Halafu andika barua kwa mamlaka, kwa Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, ukiomba tarehe za ukaguzi wa kalvati za eneo hilo na nakala ya tahadhari zilizotolewa wiki hiyo. Wanatakiwa kukujibu ndani ya siku 21. Wakikaa kimya, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, inayosikiliza malalamiko dhidi ya ofisi za umma, na barua yako iliyopigwa muhuri wa kupokelewa uiweke pamoja na zile picha.